Kutu ya Mshipa: Historia ya Presha kutoka Kisii hadi Igogwe

Kiswahili kina majina mawili ya maradhi mamoja. Katika vyeti vya hospitali huandikwa shinikizo la damu. Barazani, sokoni na jikoni watu husema presha. Jina la pili limeingia na wageni na limekaa, kama lilivyokaa neno hospitali lenyewe. Jina la kwanza ni kongwe zaidi, na lina picha ndani yake. Shinikizo, au shindikizo kama wasemavyo wengine, lilikuwa kinu cha kushindikia mafuta: kile kinu ambacho ngamia alikizunguka kutwa, akivuta mti mzito uliokandamiza ufuta au nazi kavu hata mafuta yakachuruzika. Aliyekitazama kinu kile aliona mambo matatu: nguvu inayokandamiza, kitu kinachokandamizwa, na ukuta wa kinu unaoihimili nguvu hiyo siku hata siku.

Kwa muda mrefu matabibu wa dunia, walipozungumza juu ya shinikizo la damu, waliyatazama zaidi mawili ya mwanzo. Waliusoma moyo unaosukuma, wakaisoma damu inayosukumwa. Mshipa ulihesabiwa kuwa bomba tu, njia ya kupitia. Kwa hilo matabibu hawakuwa peke yao. Washairi wa pwani tangu kale wameusemesha moyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliufanya moyo wake kuwa msikilizaji wa Al-Inkishafi yote. Mshipa haukupata heshima hiyo. Katika maneno ya kila siku mshipa umekuwa jina la vitu vingi kwa pamoja: njia ya damu, kano, neva, na hata ngiri. Kitu chenye jina la vitu vingi aghalabu hakitazamwi vizuri.

Historia ya presha katika karne iliyopita, ikisomwa kwa makini, ni historia ya ukuta wa kinu: jinsi ulivyogunduliwa kuwa una uhai, una kazi yake, na unaweza kuliwa na kitu kinachofanana sana na kutu. Ushahidi wa kemia ulipatikana Marekani na Ulaya. Lakini ushahidi mwingine, ule unaoonyesha kwamba maradhi haya si hukumu ya kuzaliwa nayo, kwa sehemu kubwa ulikusanywa Afrika ya Mashariki, na hasa katika nchi za milima na migomba. Kisa hiki basi kinaanza mbali na bahari, Kisii, na kinaishia mbali na bahari, Igogwe katika wilaya ya Rungwe. Hata hivyo msomaji wa pwani atajikuta ndani yake, kwa kuwa chumvi inayosimuliwa ni ile ile ya jikoni kwake.

Kisii, 1929

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na tabibu Kisii jina lake C. P. Donnison. Vyombo vya kupimia presha vilikuwa vimeshaenea Ulaya, na Waingereza waliokwisha kupimwa walionyesha jambo lililoonekana kuwa sheria ya maumbile: kila mtu akizidi kuzeeka, presha yake huzidi kupanda. Kupanda huko kulihesabiwa kuwa sehemu ya uzee, kama mvi.

Donnison alipima watu 1,000 wenyeji wa sehemu ile, akachapisha matokeo yake mwaka 1929 katika jarida la The Lancet la London. Vijana wa huko walikuwa na presha inayokaribiana na ya vijana wa Ulaya. Lakini walipopita makamo, presha yao haikupanda, ilielekea kushuka. Zaidi ya hayo, katika miaka miwili ya kazi, wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika hospitali yake, na miongoni mwao hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Umri wa wazee vijijini ulikuwa wa kukisia. Waliolala hospitalini wengi walikuwa wamedhoofishwa na homa na minyoo, na mwili uliodhoofika haupandishi presha kwa urahisi. Tena Donnison, alipoandika kitabu chake Civilization and Disease mwaka 1937, aliyaeleza maradhi haya kuwa matunda ya ustaarabu, kama kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na ustaarabu wala fikra za kumnyima usingizi. Huo ulikuwa mtazamo wa zama zake, na nchi iliyokuwa chini ya kodi ya kichwa na kazi za kulazimishwa haikukosa watu wenye fikra nzito.

Lakini kiini cha habari yake kilisimama. Kama kulikuwa na watu waliozeeka bila ya presha kupanda, basi kupanda kwa presha si mvi. Ni jambo lenye mwanzo na sababu. Hoja hiyo moja, iliyotoka katika hospitali ndogo ya nchi ya migomba, ingali mzizi wa yote yaliyofuata.

Mabadiliko hayakukawia. Hugh Trowell, tabibu aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na Uganda hadi mwisho wa miaka ya 1950, aliiona presha ikitoka katika uhaba na kuwa maradhi ya kawaida wodini. Mwaka 1980 alichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika ya Mashariki maelezo ya safari hiyo ya nusu karne, tangu 1928 hadi 1978: jinsi Wakenya na Waganda walivyotoka katika presha ya wastani wakaingia katika presha ya juu. Ndani ya maisha ya tabibu mmoja kazini, jambo lisiloonekana likawa jambo la kila siku. Damu ya watu haibadiliki asili yake katika miaka hamsini. Kilichobadilika kilikuwa nje ya damu.

Safari ya mfanyakazi

Kilichobadilika kilitafutwa kwa kuwafuata watu waliohama. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake waliwapima Wasamburu wa kaskazini ya Kenya, wafugaji walioishi kwa maziwa na nyama, na ambao presha yao haikupanda kwa umri. Kisha wakawatazama vijana wa Kisamburu walioandikishwa jeshini. Huko walikula posho ya jeshi, yenye chumvi nyingi kuliko maziwa ya nyumbani, na presha yao ikapanda.

Uchunguzi uliokuwa mkubwa zaidi ulifanywa kwa Waluo na kuchapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake, Wakenya na Waingereza. Wao hawakungoja mtu azeeke mjini. Walimpima mara tu alipofika Nairobi kutafuta kazi, huku wakiwalinganisha wahamiaji na wenzao waliobaki kijijini, magharibi ya Kenya. Tofauti ya presha ilionekana mapema, katika miezi ya mwanzo. Mkojo wa wahamiaji ulionyesha sodiamu nyingi zaidi, ambayo ni chumvi, na potasiamu chache zaidi, ambayo hupatikana katika ndizi, mboga na mizizi. Mapigo ya moyo yao yalikuwa ya haraka zaidi, dalili ya mwili ulio katika hekaheka. Yaani mtu alipanda gari na presha moja, akateremka katika maisha yenye presha nyingine.

Rungwe inaijua safari ya namna hii. Katika miaka ya 1930, pale Godfrey na Monica Wilson walipokuwa wakiishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika mila zao, vijana wa milima ile walikuwa wakishuka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliacha nyuma ndizi, maharage na maziwa, wakala posho ya kambi: unga, maharage na nyama kavu. Aliyerudi alirudi na nguo, baiskeli na mazoea ya ulimi. Chumvi, ambayo zamani ilikuwa bidhaa ya thamani iliyochemshwa kwa taabu katika mabwawa ya Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, sasa ilinunuliwa dukani kwa senti chache. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofukua Ivuna katika miaka ya 1960 walikuta kazi ile ya chumvi ilianza tangu karne ya 13. Kwa miaka mia saba chumvi ilikuwa kitu cha kusafiriwa kwa miguu. Kisha katika kizazi kimoja au viwili ikawa kitu cha kumwagwa chunguni kwa kiganja.

Pwani haiwezi kuwacheka watu wa bara kwa hilo. Papa mkavu wa chumvi aliyeletwa Unguja na majahazi ya kaskazi, ng'onda na achari ni vitu vya mezani ambavyo pwani hujivunia. Hekima ya kuhifadhi samaki pasipokuwa na barafu ilikuwa hekima ya kweli. Tatizo ni kwamba ulimi uliozoeshwa na hekima ile haukujua kuacha barafu ilipofika.

Ukuta ulio hai

Hata hivyo, kusema kwamba chumvi na hekaheka hupandisha presha ni kutaja mwanzo na mwisho wa safari bila ya njia. Chumvi inafanya nini ndani ya mshipa? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa la figo: chumvi huzuia maji mwilini, maji yakizidi damu huongezeka, na damu nyingi katika bomba lile lile huleta nguvu zaidi. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa sababu mshipa si bomba.

Upande wa ndani wa kila mshipa umetandikwa utando wa seli, safu moja tu, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Hadi miaka ya 1970 wengi waliuona kama rangi iliyopakwa ukutani. Mwaka 1978, katika maabara ya Robert Furchgott mjini New York, fundi alipitisha hatua moja ya jaribio kabla ya nyingine, na kipande cha mshipa wa sungura kilichotarajiwa kukaza kikalegea. Furchgott hakulitupa jaribio lile. Alifuatilia mpaka akatambua kwamba katika vipande vya zamani utando ulikuwa umekwanguliwa bila ya kukusudia wakati wa kutayarisha, na mshipa usio na utando haulegei. Mwaka 1980 alitangaza kwamba utando hutoa kitu kinachouambia msuli wa mshipa ulegee. Kufikia mwaka 1987 kitu hicho kilijulikana: ni hewa nyepesi iitwayo nitriki oksidi, inayoishi sekunde chache tu. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mshipa hulegea na kukaza kwa amri. Amri ya kulegea hutolewa na ukuta wenyewe, kila pigo la moyo, usiku na mchana. Ukuta ukinyamaza, mshipa hubaki umekaza, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi damu ile ile. Mwaka 1990 Julio Panza na wenzake, huko Bethesda, Marekani, walionyesha kwamba katika mikono ya wagonjwa wa presha amri hiyo ilikuwa imefifia: mishipa yao haikulegea kama ya watu wazima wa afya ilipochochewa kufanya hivyo.

Nani aliyeinyamazisha? Hapa ndipo kutu inapoingia. Kutu ni chuma kilichokutana na oksijeni mahali penye maji. Mafundi wa majahazi wanaijua: msumari ukishika kutu, ubao unaouzunguka nao huanza kuoza. Mwili wa binadamu hauwezi kuishi bila ya oksijeni, lakini hauko salama nayo. Sehemu ndogo ya oksijeni tunayoivuta hugeuka ndani ya seli kuwa supaoksidi, chembe kali yenye kunyakua kutoka kwa kila inachokigusa. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke waligundua kwamba mwili una kimeng'enya maalumu cha kuipoza. Ugunduzi huo wenyewe ulikuwa ushahidi: maumbile hayaweki mlinzi mahali pasipo na mwizi.

Supaoksidi na nitriki oksidi zikikutana huungana kwa kasi isiyo na mfano. Kinachozaliwa ni peroksinitriti, kitu kikali kinachojeruhi seli. Na kinachopotea ni ile amri ya kulegea. Mwaka 1986 Ryszard Gryglewski, akiwa na Salvador Moncada, alionyesha kwamba supaoksidi ndiyo inayoivunja amri ya utando njiani, kabla haijaufikia msuli. Wataalamu huiita hali ya kuzidiwa na chembe hizi mkazo wa uoksidishaji. Neno kutu si la kemia kamili, kwani mshipa si chuma, lakini linaonyesha jambo la msingi: kinachoujenga mwili ndicho hicho hicho kinachoula.

Supaoksidi hiyo ya ziada hutoka wapi? Mwaka 1994 Kathy Griendling na wenzake wa Atlanta walionyesha kwamba angiotensini, homoni ambayo mwili huitumia kukaza mishipa na kuzuia chumvi, huamsha katika msuli wa mshipa kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidasi, ambacho hutengeneza supaoksidi. Miaka miwili baadaye ilionekana hivyo hivyo katika panya waliopandishwa presha kwa angiotensini. Chumvi nayo ina mlango wake: katika majaribio ya watu, chakula chenye chumvi nyingi kimeonekana kudhoofisha kulegea kwa mshipa hata pale ambapo presha yenyewe haijapanda. Moshi una mlango wake pia, wa sigara na wa kuni, kwa kuwa chembe zake ndogo huamsha uchomaji huo huo. Na presha ikishapanda, kule kuuvuta na kuunyoosha ukuta huzaa supaoksidi zaidi. Kutu huleta presha, na presha huleta kutu.

Jambo la ajabu zaidi lilidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi kinahitaji msaidizi, kitu kiitwacho tetrahidrobiopterini. Msaidizi huyo naye huliwa na kutu. Anapokosekana, kimeng'enya hakisimami kazi. Kinaendelea, ila badala ya nitriki oksidi hutoa supaoksidi. Kile kilichowekwa kuulegeza mshipa kinashiriki katika kuukaza. Kikulacho ki nguoni mwako: wahenga hawakuwa na darubini, lakini methali yao inakitosha kimeng'enya hiki barabara.

Kufua maji au kukalafati

Kama presha ina kutu ndani yake, dawa ingeonekana kuwa rahisi. Vitamini E na vitamini C huipoza supaoksidi katika chupa ya maabara. Panya wenye presha, walipopewa kimeng'enya cha kupoza supaoksidi kilichotengenezwa kwa ustadi na watafiti wa Kijapani mwaka 1991, presha yao ilishuka. Viwanda vilianza kuuza vidonge vya kuondoa kutu mwilini, na mpaka leo vinauzwa, mjini na shamba, kwa majina mazuri na bei kubwa.

Majaribio ya watu yalitoa jibu jingine. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa HOPE, lililowafuata kwa zaidi ya miaka minne watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Wengine walipewa vitamini E, wengine hawakupewa. Hapakuwa na tofauti katika vifo, wala katika kiharusi, wala katika mshtuko wa moyo. Mwaka 2002 jaribio jingine la Uingereza, lenye watu zaidi ya 20,000, lilijaribu vitamini E na C pamoja na beta-karotini, nalo halikupata faida.

Lakini jaribio la HOPE lilikuwa na upande wa pili. Watu hao hao waligawanywa pia kwa dawa nyingine, ramiprili, ambayo kazi yake ni kuzuia mwili usitengeneze angiotensini. Hapo faida ilionekana wazi: vifo, kiharusi na mshtuko wa moyo vyote vilipungua. Hapana budi kusema kwamba ramiprili hushusha presha yenyewe, na hivyo faida yake haiwezi kuwekwa yote katika hesabu ya kutu. Hata hivyo funzo linabaki. Vitamini huja baada ya supaoksidi kuzaliwa, tena huikuta imekwisha kukutana na nitriki oksidi, kwani hakuna kidonge kinachoweza kushindana na kasi ya muungano ule. Dawa ya kuzuia angiotensini huziba mahali inapozaliwa.

Mabaharia wana maneno ya tofauti hii. Chombo kikivuja, kuna kufua maji ya ngama, na kuna kukalafati. Mwenye kufua anafanya kazi ya kweli, mikono yake inauma, lakini maji yanaingia nyuma yake. Anayetia kalafati huenda kwenye mwanya. Kupunguza chumvi, kuacha sigara, kuutoa moshi jikoni, kula ndizi, mboga na kunde, na kumeza kila siku dawa iliyoandikwa na tabibu: yote haya ni kalafati. Jaribio la chakula lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997, likijulikana kwa jina la DASH, lilionyesha kwamba chakula chenye matunda na mboga kwa wingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha katika wiki chache, bila ya kidonge chochote cha vitamini. Chakula hicho, ukitoa tofauti za upishi, hakiko mbali na kile cha Kisii alichokikuta Donnison.

Wapo wataalamu wanaouliza bado: kutu ni mzazi wa presha au ni mtoto wake? Katika panya imeonekana kuwa mzazi. Katika binadamu ushahidi unaelekea kuonyesha kwamba ni vyote viwili, na kwamba kiasi hutofautiana baina ya mtu na mtu. Swali hilo ni la haki. Ila mgonjwa hangoji lijibiwe.

Chini ya migomba

Igogwe iko katika nchi ambayo Donnison angeitambua mara moja. Ni miinuko ya Rungwe, yenye mvua nyingi kupita sehemu kubwa ya Tanzania, migomba iliyozunguka nyumba, chai, viazi na maparachichi katika mitelemko. Hospitali ya misheni ya Kikatoliki iliyopo hapo huwahudumia wakulima wa nchi hiyo. Mtu wa pwani anayefika na kuiona rangi ile ya kijani hushawishika kufikiri kwamba presha ni maradhi ya mjini, ya wenye magari na mashaka ya ofisi, na kwamba mkulima wa mlimani, apandaye na kushuka kutwa, amesalimika.

Fikra hiyo ilikuwa na ukweli mwaka 1929. Mwaka 1996 na 1997 watafiti wa Kitanzania na wa Kiingereza walipima presha katika sehemu mbili za Tanzania: Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, nacho pia katikati ya migomba. Ilala zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikuwa na presha ya juu. Shari walikuwa zaidi ya robo. Vipimo vya Donnison na vya Shari havikufanywa kwa kanuni moja, wala watu wake si wamoja, na haifai kuvipachika pamoja kama kurasa za daftari moja. Lakini kutoka hakuna hadi robo ni umbali mkubwa mno kuelezwa kwa tofauti ya vyombo. Mgomba ulibaki. Maisha chini yake yalibadilika: chumvi ya dukani, mafuta ya kukaangia, sigara, pombe za chupa, miaka mingi zaidi ya kuishi, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, ambao ulikuwapo tangu zamani, ukaongezwa juu ya hayo.

Utafiti ule ule ulifichua jambo la kutia uchungu zaidi ya idadi yenyewe. Katika kila watu watano wenye presha, chini ya mmoja alijua kwamba anayo. Mmoja katika kumi alikuwa akitibiwa. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja katika mia. Matokeo ya kutojua yalikuwa yamekwisha kuonekana: hesabu za vifo zilizochukuliwa kati ya 1992 na 1995 Dar es Salaam, Hai na Morogoro ziligundua kwamba kiharusi kiliua Watanzania wa umri wa kufanya kazi kwa kiwango cha mara kadhaa kuliko Uingereza na Wales. Kiharusi si maradhi ya ghafla, ingawa huja kwa ghafla. Ni ukuta ulioliwa miaka ishirini bila ya kelele.

Tangu hapo mengi yamefanywa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta robo ya Watanzania bara wa umri kati ya miaka 25 na 64 wana presha ya juu. Zanzibar, mwaka 2011, ilikuwa karibu theluthi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, na upasuaji uliokuwa ukifuatwa ng'ambo sasa hufanyika nchini. Lakini presha haingoji upasuaji; inahitaji mkanda wa kupimia, kidonge cha bei nafuu, na mtu wa kukiandika tena mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya kwanza juu ya presha iliyotolewa mwaka 2023, lilisema kwamba duniani kote watu wanne katika watano wenye presha hawatibiwi ipasavyo.

Ugumu wake uko katika jinsi maradhi yenyewe yalivyo. Mwenye homa hutafuta dawa kwa kuwa homa inamsumbua. Mwenye presha hasumbuliwi na kitu, mpaka siku ambayo mkono hauinuki na ulimi hautamki. Anayeambiwa Igogwe au Mnazi Mmoja kwamba ameze kidonge kila siku ya maisha yake kwa maradhi asiyoyahisi anaombwa kuamini kitu asichokiona. Wengi humeza mwezi mmoja, wakajisikia wazima, wakaacha. Wengine huambiwa barazani kwamba presha ni mawazo tu, na kwamba akipunguza mawazo itaondoka. Na ni kweli kwamba hekaheka ina sehemu yake, kama mapigo ya wahamiaji wa Kiluo yalivyoonyesha, ila kutu iliyokwisha kushika haiondoki kwa kutulia.

Hapa ndipo elimu ya ukuta ulio hai inapokuwa na faida hata kwa asiyejali kemia. Mtu akijua kwamba ndani ya mshipa wake kuna utando unaotoa amri ya kulegea kila pigo la moyo, na kwamba utando huo unaweza kunyamazishwa na kuanza kusema tena, kidonge cha kila siku hakionekani tena kuwa adhabu isiyo na kosa. Ni kazi ya matengenezo, kama ile ya chombo kinachopandishwa pwani kila msimu na kutiwa kalafati na mafuta ya sifa, hata kama msimu uliopita hakikuvuja. Hakuna nahodha aliyengoja maji yafike kwenye sitaha ndipo amwite fundi.

Donnison aliondoka Kisii akiwa na hesabu ya wagonjwa 1,800 na sifuri mbele ya presha. Sifuri ile haitarudi, wala si lazima irudi. Milima ya Rungwe ina watu wanaoishi miaka mingi kuliko babu zao, na hiyo ni neema. Hesabu inayofaa kuandikwa sasa, Igogwe na Unguja sawasawa, ni ya wale waliopimwa kabla ya kiharusi, wakaambiwa, wakarudi mwezi wa pili.